Picha za Mniko Zikae Wapi

Waisiko aliifunga simu yake kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mayai, akapanda bodaboda hadi Nyamongo kwa fundi Danford. Simu ilikuwa imeanza kuzima yenyewe, na humo ndimo zilimokuwa picha zote za Mniko: alipozaliwa, alipobatizwa, alipopandishwa juu ya ndama akalia mpaka ndama naye akashtuka. Mahali pengine hazikuwepo. Njia nzima mama wa watu alikuwa akisali kimoyomoyo.

"Shikamoo, mama," alisema Danford.

"Marahaba, mwanangu. Usinifutie kitu."

"Hata sijaigusa." Alipoigusa, alitikisa kichwa. "Hii inakufa. Tuzitoe picha leo. Niziweke kwenye memori kadi, au mtandaoni?"

"Wapi hazipotei?"

"Kadi utakaa nayo mwenyewe, ila nayo huharibika bila hodi. Mtandaoni, hata simu ikiungua, picha zipo. Lakini ni lazima uwe na akaunti, na mwenye neno la siri ndiye mwenye picha. Nyumbani kuna anayejua mambo hayo?"

"Yupo Rhobi. Anayo akaunti yake."

"Binti yako?"

"Mke wangu."

Danford, mtu wa Bukoba, aliinua uso, akaiona rozari shingoni mwa mama. Dereva wa boda aliyekuwa akichaji simu yake pale akacheka.

"Fundi, miaka yote hii hujui nyumba ntobhu? Mumewe, mzee Machage, alifariki bila mtoto wa kiume. Mama akatoa ng'ombe, akaoa binti wa kumzalia mrithi, mtoto akaitwa Mniko Machage. Endelea na bisibisi yako."

"Basi shikamoo tena, mwenye mji," alisema Danford.

Waisiko alicheka nao, lakini moyo wake haukuwapo. Kisimani watu walikuwa wakinong'ona kwamba kuna mwanaume wa mgodini anataka kumchukua Rhobi waende Geita. Rhobi akiondoka, wazee wangekaa waseme mtoto abaki, maana ng'ombe walitoka. Lakini mzee gani angemfuata Rhobi Geita kumdai picha?

"Weka kwenye kadi," alisema.

Jioni Rhobi alikuwa akisonga ugali, Mniko amelala mgongoni kwake. Waisiko alimwomba aichomeke ile kadi kwenye simu yake, wahakikishe. Picha zikafunguka. Rhobi alitabasamu, kisha tabasamu likapungua.

"Mama, kwa nini hukuniambia nikuwekee mtandaoni? Kadi ya jirani yetu Ester ilikufa na picha za harusi yake zote."

Waisiko alitaka kusingizia bando. Ulimi ukakataa.

"Niliogopa, mwanangu. Ukiondoka, utaondoka nazo."

Rhobi aliufunika ugali, akakaa kwenye kigoda.

"Kwa hiyo umesikia."

"Nimesikia."

"Ni kweli aliniambia twende."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu."

Waisiko alishika rozari yake asijue aanzie tendo gani. Angeweza kugomba, angeweza kuwataja wale ng'ombe. Aliona vyote viwili vingemfungulia mlango yule mwanaume.

Rhobi ndiye aliyesema. "Tufungue akaunti kwa namba yako, mama. Itakuwa yako, siyo yangu. Neno la siri andika mwenyewe, mimi nageukia huko."

Akageuka kweli, akaangalia ukuta. Waisiko alishika simu. Vidole vyake vya jembe vilibonyeza herufi tatu kwa wakati mmoja, akafuta, akaanza upya, ikakataa tena. Aliutazama mgongo wa yule binti, na uso wa Mniko ulioegemea pale, mdomo wazi.

"Rhobi, geuka. Niandikie wewe."

"Nitalijua, mama."

"Lijue."

Akamtajia herufi moja moja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama. Rhobi akaandika. Mtandao ulikuwa mzito. Picha ya kwanza ikapanda, ya pili ikakwama, ikapanda. Kadi Waisiko aliifunga kwenye pindo la kanga, mbele ya Rhobi, bila kuficha.

Habari ya Geita hakuiuliza tena. Walikaa wote wawili wameiinamia simu, ugali ukipoa, na kila picha ilipokwama Waisiko alikiacha kioo akautazama uso wa Rhobi.