Timu Ina Shida ya Mwalimu

Saleh Abdulrahman alikuwa na maoni mengi ya mpira kuliko viatu vya kuuza, na viatu alikuwa navyo gunia zima. Kila asubuhi alivimwaga kwenye turubai pale sokoni Kibuye, njumu za mitumba kutoka ng'ambo, nyingine wa kushoto na wa kulia hawajawahi hata kuonana. Akishazipanga, alianza kazi yake ya kweli, yaani kumfukuza kocha wa Winam Stars.

Mwaka huo wa 1988 kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Stars walikuwa wanafungwa tu, nyumbani wanafungwa, ugenini wanafungwa, mpaka wenye mafulana ya timu wakaanza kuyavaa ndani ya shati. Kisumu nzima ilikuwa na swali moja: Kocha Oduor akienda, nani anakuja? Kuna waliosema anakuja Mzungu, eti ameshatua Nairobi anasubiri treni. Wengine walimtaja bwana mmoja wa chuo kule Maseno aliyesomea michezo. Madereva wa malori wa Mamboleo walikuwa na mtu wao, jina hawakulijua, ila walisema ni mkali sana. Habari hizi zote zilipita kwa Dorca, mama wa mandazi aliyekaa mkabala na Saleh, na zikitoka kwake zilikuwa zimenenepa.

"Kocha gani huyu?" Saleh aliwauliza wateja. "Hata majina ya wachezaji haandiki. Anasimama pale anawanyooshea kidole kama mtu anachagua kuku. Mpe gazeti asome walivyomwandika, atakwambia amesahau miwani. Miwani gani? Nani hapa amewahi kumwona na miwani?"

Watu walicheka, na Saleh alipenda sana kuchekesha watu. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe alicheza wapi, na heri hawakumuuliza. Alicheza mara moja tu, utotoni, uwanja wa madrasa. Goli lilikuwa na nguzo moja, wakamsimamisha yeye awe ya pili. Mpira ukamgonga, ukaingia, na wenzake wakamlaumu kwa kutikisika. Hiyo ndiyo historia yake yote ya soka.

Ila alikuwa na kazi nyingine. Alasiri, akishafunga gunia lake, alikwenda kwenye ukumbi wa Kaloleni kufundisha ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Akina mama na wazee waliingia pale wakishika kalamu kama jembe, wakatoka wanaandika barua kwa watoto wao. Kazi hii aliijua vizuri, ingawa hakuwahi kujisifia nayo hata siku moja, maana nani Kibuye angesimama kusikiliza habari za irabu? Kwa ajili ya darasa hilo mji mzima ulimwita Mwalimu. Na kama tunavyojua, kwenye mpira kocha naye huitwa mwalimu. Hapo kwenye neno hilo moja ndipo Saleh alipojikwaa, akaanguka kifudifudi.

Siku moja Joram Wepukhulu alikuja sokoni. Huyu Joram ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Stars, mtu mzito wa mwili na wa maneno, mfanyakazi wa reli. Aliokota kiatu, akakigeuzageuza bila kukitazama, akainama.

"Mwalimu," akanong'ona, "timu ina shida ya mwalimu."

"Hilo nimelisema siku nyingi," Saleh akajibu.

"Tumekaa kamati, tumefikiria sana. Mtu wa kutusaidia tumeona ni wewe. Kazi yako tunaijua. Uwe unakuja uwanjani jioni, kuanzia wiki ijayo. Lakini Mwalimu, hii ni siri. Watu wakijua, tumeharibikiwa."

Saleh hakungoja kuombwa mara ya pili. Aliitikia kwa kichwa. Joram akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akaondoka, na kiatu akasahau kukirudisha.

Mtu mwenye akili angeuliza swali moja tu, la pili lisingehitajika. Saleh hakuuliza. Alikaa juu ya gunia lake akaona kila kitu kimekaa sawa. Si amekuwa akisema? Basi wakubwa wamesikia. Siri aliitunza vizuri kabisa mpaka Dorca alipomletea chai.

"Mwalimu, huyo Mzee Joram alikuwa anataka nini?"

"Hakuna. Mambo ya timu."

"Mambo gani ya timu?"

"Dorca, nikikwambia utanyamaza?"

"Mimi? Adier, kweli tupu, Mwalimu, si unanijua?"

Alimjua, na ndiyo maana alimwambia. Kufikia saa ya kufunga soko, wauza samaki walikuwa wanamwita Kocha, na Dorca alimkataza kabisa kulipia mandazi. Saleh alikanusha kwa namna ile ya mtu anayeomba aulizwe tena. Kwenye mitumba alipata suti ya mazoezi ya kijani, imeandikwa mgongoni maneno ya Kizungu ambayo baadaye kijana mmoja wa chuo alimsomea kuwa ni ya chama cha akina mama waogeleaji. Aliivaa tu. Alinunua na filimbi.

Nyumbani, mkewe Habiba alimtazama kuanzia filimbi mpaka miguuni.

"Wewe, baba Saumu, ufundishe mpira?"

"Mpira ni akili, si miguu."

"Haya. Mimi nimenyamaza." Hakunyamaza. Kabla ya magharibi dada zake wote wa Kaloleni walikuwa na habari kuwa shemeji yao ni mtu mkubwa, naye Habiba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mke wa muuza viatu, alitembea mtaani siku hizo akiwa ameinua shingo. Saleh aliliona hilo na likampendeza kuliko filimbi. Kwa hiyo sasa jina lake lote, na la mkewe juu yake, lilikuwa limewekwa kwenye ukocha wa Winam Stars.

Siku ikafika. Alikwenda uwanjani na suti yake ya kijani, hotuba imo kichwani, inaanza na maneno "Vijana, mambo yamebadilika." Joram alimpokea langoni, akaitazama filimbi, asiielewe. Hakumpeleka kwa wachezaji. Alimpitisha nyuma ya jukwaa mpaka chumba cha kuwekea mipira na jezi, akafungua mlango. Ndani, juu ya benchi, alikuwa ameketi Kocha Oduor peke yake, kofia mapajani. Ukutani paliegemezwa ubao mweusi mpya, na chaki ilikuwa bado imo kwenye pakiti.

"Huyu ndiye mwanafunzi wako," Joram akasema. "Wakubwa wa ligi wametoa amri, msimu ujao kila kocha lazima awe amefanya mtihani wa kuandika kule Nairobi. Kwa Kiswahili wanakubali. Bila huo mtihani lazima tumwondoe, na hatutaki kumwondoa." Akatoka, akafunga mlango.

Saleh alibaki amesimama. Miwani. Wachezaji wanaonyooshewa kidole. Vichekesho vyake vyote vya Kibuye vilimrudia kimoja kimoja, na safari hii hakuna kilichochekesha. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Oduor alikuwa mtu wa miraba minne, sauti ya kuvuka uwanja mzima. Leo alisema polepole. "Mwalimu, nimesikia unavyonisema sokoni. Ni sawa. Mimi nilichunga ng'ombe za watu, halafu nikachezea mpira, shule haikunipata. Lakini nakuomba kitu moja. Usiniseme hii."

"Sitasema," Saleh akajibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimaanisha. Akavua filimbi, akaitia mfukoni, akaandika herufi a.

Wakaanza hivyo, kila jioni mazoezi yakiisha. Oduor alishika herufi upesi, na akikwama Saleh alichora uwanja ubaoni, akaandika majina ya nafasi. Shida ilikuwa moja. Kama wengi waliokulia kwenye Kidholuo, ambacho sauti ya sh hakina, Oduor aliandika alivyosikia. Mshambuliaji akawa msambuliaji. Kushinda ikawa kusinda.

"Shhh," Saleh alimwambia. "Kama unamnyamazisha mtoto."

"Sisi tunamwambia ling'," Oduor akasema.

Walicheka mpaka Joram akaja kugonga mlango, akidhani wanapigana.

Mji, bila shaka, uliona vyake. Uliona Mwalimu Saleh akiingia uwanjani kila jioni na suti ya kijani na kutoka pamoja na kocha, ukajua bila kuambiwa kwamba anakabidhiwa timu. Ikawa ni kusubiri tarehe tu. Lakini Stars wakaanza kutoka sare. Halafu wakashinda, wakashinda tena, na msimu ulipoisha hakuna aliyekumbuka Mzungu wala bwana wa Maseno. Oduor alisafiri Nairobi, akarudi na cheti, picha yake ikatoka gazetini ameshikilia kikaratasi chake, na kamati ikatangaza kuwa anabaki.

Basi Kibuye wakamgeukia mtu wao. "Kocha! Leo unapanga nani golini?" "Kocha, filimbi iko wapi?" Watu wasiotaka viatu walikuja kusimama pale wakamtazama tu. Dorca, ambaye alikuwa amepoteza heshima yake ya mtoa habari, alidai mandazi yake yote yalipwe. Shemeji zake wa Kaloleni walimpa pole kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Na jibu alikuwa nalo. Sentensi moja ingetosha kumrudishia uso wake wote, mchana kweupe, mbele ya soko zima: walinichukua nimfundishe kocha wenu kusoma. Ilimjia mdomoni kila siku. Yeye, ambaye hakuwahi kuzuia hata uvumi wa bei ya sukari, aliimeza hiyo sentensi kila siku, na ilimkwaruza kooni.

"Nilijipeleka mwenyewe," aliwajibu. "Nilidhani nguzo inaweza kufundisha mpira." Hawakuelewa habari ya nguzo, wakacheka zaidi.

Habiba ndiye aliyemuumiza. Shingo ilikuwa imeshuka. Jioni moja alikuwa anafua ile suti ya kijani, akaunyoosha mkono mmoja wa suti juani.

"Baba Saumu, uwanjani ulikuwa unaenda kufanya nini?"

"Mambo ya timu."

"Kocha gani anarudi nyumbani na chaki kwenye mikono ya nguo?"

Saleh aliinama akavua viatu. Habiba aliitazama chaki, akamtazama mumewe, akaendelea kufua, na suala hilo hakuligusa tena. Saleh alidhani amemchoka.

Msimu mpya ulipokaribia, Oduor alifika Kibuye na ubao chini ya kwapa, umefungwa kwa gazeti. Alikuwa ameupaka rangi mwenyewe, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopanda kidogo kuelekea kulia. Aliusimamisha nyuma ya turubai mbele ya watu wote, akarudi nyuma kuutazama. Ubao ulisema: MWALIMU SALEH. VIATU VYA MPIRA. BEI YA KUSANGAZA.

Saleh aliusoma. Aliisoma ile kusangaza mara ya pili. Oduor alikuwa anamtazama kama wale wazee wa ngumbaru wanavyotazama barua yao ya kwanza ikisomwa.

"Ni nzuri," Saleh akasema. "Nzuri sana. Ero kamano, asante, Mwalimu."

Haukupita muda mrefu kabla wanafunzi wa sekondari kugundua. Wakidhani ni mkono wa Saleh, walikusanyika mbele ya ubao wakishikana mabega. Eti huyu ndiye mwalimu wa ngumbaru! Mpira hajui, na kumbe hata kuandika hajui! Maskini wale mama wa Kaloleni, wanafundishwa nini? Sasa hakubakiwa na kitu, maana walimvua ukocha, na ualimu nao ukaenda. Saleh aliketi chini ya ubao wake akiuza njumu, akasema kuwa yeye ni mtu wa irabu, konsonanti humsumbua.

Ubao ulikaa pale miaka. Stars walipanda, wakashuka, makocha wengine wakaja na kwenda na uvumi wao, Oduor akastaafu akarudi kwao Seme. Kufikia mwaka 1996 jua lilikuwa limekula rangi mpaka maandishi hayaonekani vizuri, na Saleh akaita fundi wa kuandika mabango, akamwambia ayafufue. Adhana ya alasiri ikamkuta bado hajampa maelezo. Alikwenda kuswali, na katikati ya swala akakumbuka fundi mwenyewe ni kijana aliyesoma, herufi iliyopungua ataiona tu. Hakumbuki alivyotoa salamu. Alirudi mbio, viatu mkononi, mzee mzima.

Fundi alikuwa ameketi kando, brashi imetulia kwenye mkebe. Ubao ulikuwa umemalizika, mweupe na mwekundu, na Habiba amesimama mbele yake akishika kiuno. Kwenye mstari wa mwisho rangi ilikuwa bado mbichi: BEI YA KUSANGAZA.

"Huyu kijana wako ni mbishi," Habiba akasema. "Kuna herufi moja alitaka kutuongezea, nikamkataza."

Saleh alimtazama mkewe.

"Vaa viatu," Habiba akamwambia. "Watu wanakuangalia, Mwalimu."