Kofi la Mama Ngando

Kwanza watu waliacha kununua kwanga zake. Philomène alikuwa akipika kwanga nzuri kuliko mwanamke yeyote wa soko la Mangobo, mihogo imelowekwa ikaiva sawasawa, majani yamefungwa na mtu asiye na haraka. Lakini mwaka ule alikuwa akikaa mezani pake tangu asubuhi, wanunuzi wanapita, wanamchungulia, wananong'onezana, kisha wanakwenda kwa jirani yake ambaye kwanga zake zilikuwa na uchachu wa kukunja uso. Mimi, Kadidja, nilikuwa na cherehani yangu upande wa pili wa njia, nikaona yote. Siku moja mwanamke alimvuta mtoto wake mkono akamwambia bila haya, "Usiguse pale. Ile iko chakula ya Mama Ngando." Nilitamani kumrushia mkasi.

Mama Ngando hayuko. Hajawahi kuwako. Alikuwa mtu wa kubuni, katika mchezo wa Jumapili jioni kwenye televisheni ya hapa Kisangani. Mchezo uliitwa Lupango Moja, na lupango kwetu ni kiwanja chenye uzio ambamo watu wanaishi pamoja, wapende wasipende. Ngando ni mamba. Basi huyu Mama Mamba alikuwa na binti mzuri, na kila mwanamume aliyemwoa binti huyo alikamuliwa na mama mkwe mpaka akatoka lupangoni mikono mitupu. Aliyemwigiza alikuwa Philomène, mtu ambaye ukimkanyaga mguu kanisani, yeye ndiye anakuomba radhi.

Alizaliwa mwaka wa uhuru, Yanonge, katika ukoo wa wavuvi. Alikuwa bado mdogo maasi ya kwanza yalipofika, mama yake akamficha msituni, na baba yake aliyekwenda kutazama nyavu hakurudi tena. Akalelewa mjini na shangazi. Akaolewa na fundi wa reli ya Ubundu, akazaa mtoto mmoja tu, Angélique, kisha ugonjwa ukamchukua mume. Kwa hiyo maasi mengine yalipokuja, yale ya mwaka tisini na nane, yalimkuta mjane, ana binti, ana meza ya kwanga, na ana sauti iliyowafanya watu wa kwaya wanyamaze ili wamsikie.

Waasi waliposhika mji, njia ya Kinshasa ilikatika. Mto ulifungwa. Kanda za michezo ya Kinshasa hazikufika tena, na televisheni yetu ikabaki na jioni ndefu na haina cha kuonyesha. Ndipo mkurugenzi, bwana Zacharie, akalikumbuka kundi la papa Wenceslas lililokuwa likicheza kwenye ukumbi wa parokia. Philomène alikuwa humo, na mimi pia, ingawa ni Mwislamu, kwa sababu mavazi hayana dini na mtu wa kuyashona alitakiwa.

Wengi walidhani maneno tunayasoma mahali. Hatukusoma popote. Papa Wenceslas alikuwa akitukusanya, anatusimulia hadithi ya juma lile tangu mwanzo mpaka mwisho, kila mtu anajua anaingia wapi na anatoka wapi, halafu maneno anayatafuta mwenyewe kamera ikishawaka. Kamera ilikuwa moja. Kanda nayo ilikuwa ya kuazima, kwa hiyo hapakuwa na kurudia. Ukikohoa, Kisangani nzima inakohoa nawe.

Maneno yalikuwa yetu, sawa. Hadithi haikuwa yetu. Mwanzoni papa Wenceslas alikusudia Mama Ngando asumbue Jumapili chache, kisha atubu na mchezo uhamie kwa wapangaji wengine. Lakini aliyeigiza mumewe alichoka na njaa akapanda treni ya Ubundu, basi tukaambiwa tuseme amekwenda kutafuta almasi. Halafu akaja mfanyabiashara wa sabuni, ambaye ndiye aliyetulipa, na alitulipa sabuni. Akataka sabuni yake ionekane. Tangu siku hiyo watu wa Lupango Moja hawakugombana tena ila wakiwa wanafua. Halafu mke wa mkubwa mmoja wa kijeshi akatuma neno kwamba yule mama mbaya anamfurahisha, azidi. Mwenye nguvu mpishe. Bwana Zacharie akampisha, na Mama Ngando akazidi. Jumapili chache zikawa miaka mitatu.

Kofi la Mama Ngando kwa mkwewe nalo lilikuwa wazo la Zacharie. Watu wa mbali huenda wasielewe uzito wake. Kwetu mkwe anaitwa bokilo, na bokilo ni wa heshima pande zote mbili. Mama mkwe na mume wa bintiye hawataniani, hawakaribiani, hata kutazamana usoni ni kwa kiasi. Mama akimpiga mkwewe, ndoa imevunjika papo hapo mpaka familia ya huyo mama itoe mbuzi, iombe msamaha mbele ya wote walioshuhudia, na pande zote mbili zimle mbuzi huyo pamoja. Zacharie alijua hayo vizuri sana, ndiyo sababu alilitaka. Philomène alikataa. Akaambiwa, kama hataki, mchezo utasimama na wenzake wote wakale hewa. Basi Jumapili hiyo alimpiga Jafari, kijana aliyeigiza mkwewe, kofi lililosikika mpaka kwa majirani wasio na televisheni. Kamera ilipozimwa alimshika Jafari shavu lile lile akalia, na Jafari akawa anambembeleza, "Ya Philo, haikuuma." Ya ni dada mkubwa. Ilimuuma, nililiona shavu.

Haukupita muda mrefu, Angélique akachumbiwa kwelikweli. Kijana aliitwa Arthur, wa ukoo wa Isangi, mwalimu katika mtaa wa Tshopo, mpole, viatu vyake siku zote safi. Philomène alifurahi mpaka akanenepa kidogo. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu duniani, na alitaka amwone akitoka nyumbani kwa mlango wa mbele, kwa heshima, mahari imeletwa na wazee wamekaa. Hakuwa na ndoto nyingine, nami namjua.

Wazee hawakuja. Tulingoja, tukasikia udhuru huu na ule, mwishowe tukaenda wenyewe kwa mama yake Arthur, mama Odile. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, maji hakutupa.

"Mama Philomène, sisi hatuna shida na mutoto," alisema. "Angélique iko mutoto muzuri. Lakini ile kofi, batu bote baliona."

"Mama Odile, ile ilikuwa théâtre, mchezo tu."

"Théâtre, ndiyo. Lakini mukono ulikuwa wa nani?"

Philomène akautazama mkono wake. Mimi nilifungua kinywa nianze kugomba, akanigusa goti ninyamaze.

"Bon," akaendelea mama Odile, "mimi sikatae ndoa. Kofi ilipigwa mbele ya batu, donc pardon itoke mbele ya batu. Pale pale kwa télé. Na mbuzi. Kisha tutakula pamoja, mambo itaisha."

Njiani nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Philomène alinijibu kwamba mama Odile ana haki. Nilimwambia amerogwa. Akasema, "Kadi, kama mutu angenipigia Angélique mbele ya muji muzima, hata kwa mchezo, ningelala?" Huyo ndiye mtu waliyemwita mamba.

Tukaenda kwa bwana Zacharie. Alikuwa na kiti cha kuzunguka na alikizungusha muda wote tulipokuwa tukisema.

"Mama Philo, batu banafungua télé sababu banakuchukia," alisema. "Sasa ukilomba pardon, batatazama nini? Sabuni?"

"Directeur, miye niko na mutoto mwanamuke. Banamukataa sababu yangu."

"Alors, bakwe ni bako, mchezo ni wangu." Akacheka. Hakuna aliyecheka naye, hata papa Wenceslas aliyetusindikiza.

Lakini papa Wenceslas alikuwa mzee mwenye dhamiri, na ilikuwa inamsumbua. Siku ya kurekodi alitukusanya, akatusimulia hadithi kama Zacharie alivyoiagiza, kisha akamtazama Philomène akasema, "Maneno yenu, mutayatafuta wenyewe, kama siku zote." Akatoka nje kuvuta sigara. Sote tulielewa.

Philomène alikuwa amenunua mbuzi, dume jeupe lenye doa shingoni. Katikati ya ugomvi, mbele ya beseni la sabuni, akaingia akimvuta. Akapiga magoti mbele ya Jafari. Akasema yeye ni mama aliyekosa, kwamba alimpiga mtoto wa watu, kwamba mkono huu umemwaibisha binti yake, na kila aliyeona kofi aone na hili. Hakuwa anaigiza. Sauti ilikatika, akaitafuta, ikarudi. Jafari akamwinua akapokea kamba ya mbuzi, naye analia. Mshika kamera alikuwa anafuta macho kwa bega. Papa Wenceslas akasema imetosha, kanda ikatolewa, na kwa kuwa hapakuwa na kurudia, tukajua imekwisha. Wanasema mja hunena, Mungu hutenda. Pale tulisahau kwamba katikati yao kuna mkurugenzi.

Philomène akatuma habari kwa mama Odile: njooni Jumapili, mtaona kwa macho yenu, na mbuzi tutamla papo hapo. Mbuzi alikuwa yule yule, mweupe mwenye doa. Aliyemchinja ni kaka yangu Sefu, ili na mimi niweze kula, na Philomène alimpika mwenyewe tangu asubuhi, kwa vitunguu na pilipili kidogo, pamoja na pondu ya majani ya mihogo na kwanga alizofunga kama zamani, taratibu. Jirani, papa Yakubu, alitoa televisheni yake akaiweka uani kwa Philomène juu ya meza. Jafari alituma neno kwamba ana homa, hatakuja. Sikulitilia maanani.

Walikuja wote: mama Odile na nduguze, Arthur na shati lililopigwa pasi, na nje ya uzio mtaa mzima umejazana kutazama kwa juu. Philomène aliwapakulia mmoja mmoja. Mchezo ulipoanza walikuwa wanakula, na walikula vizuri. Mama Odile aliomba kuongezewa.

Mbuzi alitokea kwenye kioo, watu wakamtambua wakacheka. Philomène akapiga magoti kule ndani. Mama Odile alisikiliza mpaka mwisho, kijiko kimesimama. Kisha akainama akamgusa Philomène mkononi, mkono ule ule, akasema polepole, "Merci, bokilo." Nimeishi miaka mingi, na sijaona uso wa mtu ukifunguka vile.

Papo hapo kioo kikaleta sabuni, na baada ya sabuni kikaleta kitu ambacho hatukukirekodi. Jafari amekaa peke yake, sahani mbele yake, anakula nyama. Alisema, "Mbuzi ya bokilo yangu, ni tamu." Akala tena. Kisha akashika tumbo, akaanguka, povu likamtoka mdomoni, povu la sabuni bila shaka, na kamera ikakaa juu ya uso wake. Na nyuma yake, wakiwa wamechukua sauti ya zamani kutoka kanda nyingine, tukasikia kicheko cha Mama Ngando.

Nje ya uzio watu walilipuka kwa furaha. "Ngando, Ngando," waliimba, wakapiga makofi juu ya mabati. Hawajawahi kupata Jumapili tamu kama ile. Zacharie alimwita Jafari siku moja kabla, pamoja na kamera na mshika kamera, akawaambia wafanye vile au wasirudi. Hayo tuliyajua baadaye, na hayakusaidia kitu.

Uani mama Odile aliweka sahani yake chini. Nduguze wakaweka zao, moja baada ya nyingine, kwa adabu kabisa, kama watu walioshiba. Mimi nilikula. Nilichukua mfupa mkubwa nikauguguna ili wote wasikie.

Arthur peke yake alikuwa bado ameshika sahani, na nyama imebaki. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama Philomène.

"Kula, mutoto yangu," Philomène alimwambia. "Ni mimi nilipika."

Arthur alichukua kipande cha nyama. Nadhani angekula, nitasema hivyo mpaka kufa, yule kijana angekula. Lakini Angélique, aliyekuwa amesimama nyuma yake, mtoto aliyelishwa kwa mikono ile tangu ana siku moja, aliinama akaiondoa sahani mikononi mwa mchumba wake, akaenda kumwaga nyama mbali, nyuma ya nyumba.