Mwanamke Aliyebaki Ng'ambo

Wanaume wa Voi walicheza bao tangu asubuhi mpaka kivuli kikawahama, na sikusikia hata siku moja mtu akiwauliza, "Leo mmejifunza nini?" Sisi tuliulizwa. Tulikuwa wanawake kumi hivi, kila Jumamosi mchana, katika holi karibu na stesheni, na kosa letu lilikuwa kusikiliza hadithi.

Miaka hii ya hamsini ilinikuta na mtoto mgongoni na hasira kifuani. Masista wa Bura walinisomesha mpaka sekondari, kisha nikaolewa na mtu wa reli, masomo yakaishia kwenye karai la nepi. Karani aliyetunza sanduku la vitabu alipohamishwa, nikapewa mimi ufunguo kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Maktaba yetu ilikuwa hilo sanduku tu, la mbao, lenye kufuli. Linakuja kwa treni, linakaa nasi miezi michache, halafu linapakiwa kwenye reli ya Taveta kwenda kwa wengine, nasi tunaletewa jingine.

Vitabu vingi vilikuwa vya kutufundisha. Mbolea. Choo. Namna ya kumwosha mtoto, kana kwamba watoto wetu walikuwa wakikua bila kuoshwa. Lakini chini kabisa nilikuta kitabu chembamba cha jalada la kijani, hadithi ya mwanamke aliyeachwa na mumewe, wakwe wakamnyang'anya mtoto, naye akaondoka kwa miguu kwenda kumchukua. Nikaanza kuwasomea wenzangu.

Jumamosi zile nazitamani mpaka leo kama mtu anavyotamani maji ya kwao. Wenzangu wa milimani walisuka vikapu vya mkonge. Mama mmoja Mwislamu, mtu wa pwani, alidarizi kofia. Nikikwama kwenye neno gumu, yeye ananifafanulia, nami nawageuzia wenzangu kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, na kabla sijamaliza wameshaanza kugombana na watu wa kitabuni.

"Huyo mama mkwe angekuwa Bura ningemchapa na mwiko!" akasema mama mmoja wa huko Bura.

"Na wewe si mama mkwe?"

"Mimi ni mzuri. Muulize mke wa mwanangu, lakini umuulize nikiwa nipo."

Safari moja nilitangulia kusoma sura nyumbani. Jumamosi ilipofika mama wa kofia akanitazama tu. "Mwanangu, huyo mume harudi, sivyo? Uso wako umeshatwambia." Walinikasirikia kama mtu aliyekula peke yake jikoni. Wakaniapisha, mkono wangu juu ya kichwa cha mwanangu, kwamba sitafungua ukurasa ambao wao hawajausikia.

Mmoja wao hakuwa akicheka. Alikuja kwa miguu kutoka Marungu, rika langu, akakaa mlangoni, mikono ikisuka bila yeye kuitazama. Hakuja na mtoto. Baadaye niliambiwa mwanawe yuko kwa wakwe, huko juu milimani, na yeye amekatazwa kukanyaga boma lao. Tangu hapo nilipokuwa nikisoma sikuthubutu kutazama mlangoni.

Siku ofisa wa maendeleo alipotukuta, mwanamke wa kitabuni alikuwa amefika mtoni. Mto umefurika. Mtoto yuko ng'ambo, anamsikia akilia. Ofisa mwenyewe ni kijana mwenzetu, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Akasimama katikati yetu.

"Akina mama, leo mmejifunza nini?"

"Tumejifunza kuna watu wana roho mbaya," akasema mama wa kofia.

"Nauliza jambo la maana. Humu mna kitabu cha kabeji."

"Kabeji nalima, baba," akasema mama wa Bura. "Nikitoka kuipalilia nije niisome tena?"

Tulicheka mpaka mtoto wangu akaamka. Ofisa hakucheka. Wiki hiyo hiyo nikaandikiwa: sanduku liondoke Ijumaa, kabla ya wakati wake, na litakuja jingine lenye manufaa.

Ijumaa nikalifikisha stesheni. Treni ya Taveta ikachelewa saa nzima. Saa nzima nililikalia lile sanduku, ufunguo mkononi, mtoto ananyonya, na kurasa zilizobaki hazikuzidi ishirini. Ningeweza kusoma. Nani angejua? Lakini niliapa juu ya kichwa kile kile kilichokuwa kimelalia ziwa langu. Nilifungua sanduku mara moja tu, nikachomeka barua ndani ya jalada la kijani: "Kwa mtunzaji mwenzangu. Tafadhali usome mwisho, utuandikie kama mwanamke alivuka, na kama alimpata mtoto wake."

Sanduku jipya likaja. Kabeji, mbuzi, kabeji. Wengine wakaacha kuja, lakini swali lilinifuata mpaka kwenye bomba la maji: "Mwalimu, ameshavuka?" Mimi si mwalimu, ila niliitika. Yule wa Marungu hakuuliza. Alikuja kila Jumamosi, akakaa mlangoni pake.

Jibu lilipofika, gadi wa treni alinikabidhi mwenyewe. Liliandikwa na mwalimu mmoja huko Mata, kwenye reli ya Taveta, kwa mwandiko wa kupendeza. Nikawaita wote, nikalisoma kwa sauti:

"Nimepokea barua yako. Kitabu nimekisoma chote. Mwisho wake ni mzuri na una mafunzo mengi. Sanduku limeshaondoka hapa. Wasalaam."

Basi. Wenzangu walimtukana yule mwalimu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi nikaifinyanga ile barua ngumini. Ndipo mlangoni ikasikika sauti ambayo hatukuizoea.

"Mzuri kwa nani?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni: amevuka. Neno dogo, lisingenigharimu kitu, na nani angenibishia? Lakini nilikuwa mtunza vitabu mwaminifu, na nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuniachia nafasi ya huruma.

"Hakuandika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga uzi wa mkonge pale alipofikia, akajitwika kikapu ambacho hakijakwisha, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine. Sijui kama alipanda milimani au alikwenda kukaa kimya nyumbani kwao. Mwalimu wa Mata nilimwandikia tena, hakujibu.

Mwanangu sasa anatembea. Kila sanduku likifika, kabla sijaandikisha chochote, napekua mpaka chini kabisa nikitafuta rangi ya kijani. Siku nitakapokipata sitangoja Jumamosi. Nitafungua ukurasa wa mwisho papo hapo nikiwa nimesimama, kiapo na kivunjike, Mungu anisamehe. Na vyovyote kitakavyosema, nitambeba mwanangu nishike njia ya Marungu.