Karela Chini ya Theluji

Jamani, hili jambo sijawahi kulisimulia huku namtazama mtu usoni, na hata sasa naomba mtazame pembeni kidogo, maana kila nikilikumbuka masikio yanapata moto na natamani ardhi ipasuke nitumbukie. Sikuiba wala sikupigana. Ni mboga tu, mboga ndiyo iliyonivunjia heshima Marekani.

Nilitoka Singida kwenda Minnesota kwa mafunzo ya kazi kwenye maabara moja ya kupima maji, na mfanyakazi mwenzangu pale, Dada Meera, Mhindi wa Gujarati, akanipa chumba nyumbani kwake Roseville. Alikuwa anaishi na wanawe wawili na mama yake mzazi, ambaye wote tulimwita Ba, bibi mfupi wa sweta mbili na soksi nene, aliyeletwa kutoka India aje akae na wajukuu. Wajukuu wenyewe akiwasemesha Kigujarati wanamjibu Kiingereza, akipika wao wanaagiza piza, basi mama wa watu akawa anashinda dirishani kuangalia theluji inavyoanguka.

Jioni yangu ya kwanza akaniwekea chapati na mboga ya karela. Kwa asiyeijua, karela inafanana na tango lenye chunusi, na uchungu wake ni wa kwinini (machozi yalinilenga, sisemi uongo). Ba amesimama pale pale anatazama mdomo wangu. Dada Meera akatafsiri, "Ba anauliza, mboga imekuwaje?" Sasa hapo ndipo nilipojikaanga. Nimelelewa kwamba mgeni hakosoi chakula, ni sawa, lakini si ningesema asante yakaisha? Mimi nikaona nipambe. "Tamu sana! Kwetu tunapenda vitu vichungu, tena ikizidi uchungu ndiyo mimi nafurahi."

Ba akasikia tafsiri, uso ukamng'aa kama amepewa mjukuu mpya. Akanishika kichwa akaniita beta, yaani mwanangu.

Kuanzia hapo ikawa karela. Nikirudi na basi jioni, giza limeshaingia (baridi ikianza kule giza huwahi kama limetumwa), nakuta Ba yuko chumbani kwenye sala zake, mezani kaniachia chapati, wali, na karela yangu peke yangu ndani ya foili, kaikunja pembe kwa ustadi kama bahasha. Na kila wiki inazidi kuwa chungu, nikadhani ni ulimi wangu umechoka. Kutupa nitatupa wapi? Pipa la jikoni Ba alikuwa analichambua mwenyewe, maganda huku, karatasi kule. Chooni nilijaribu mara moja, mafuta ya manjano yakabaki yanaelea yananiangalia. Ndipo nikafungua mlango wa kioo wa nyuma, nikachimba theluji kando ya ngazi za baraza, nikaizika foili na karela yake, nikasawazisha. Asubuhi theluji mpya imeshafunika, kweupe, hata alama hakuna. Nikasema Mungu mkubwa, nchi hii ina shimo la taka linalojifukia lenyewe! Nikazika na kesho yake, na keshokutwa, nikaendelea kuzika majira yote ya baridi.

Sijui nilidhani theluji huwa inakwenda wapi. (Nina shahada ya sayansi, tena ya mambo ya maji.)

Basi ikafika Jumamosi ya kwanza yenye joto, mimi bado nina koti, wenyeji wamevaa kaptura, na Dada Meera akaandaa sherehe ya kuzaliwa kwa Ba pale barazani nyuma. Wakaja watu wa kazini, akiwemo msimamizi wangu, mama mmoja wa Kimarekani mwenye sauti ya upole, na jirani, Mzee Dale, na mbwa wake. Katikati ya meza kulikuwa na bakuli kubwa la karela. Dada Meera akagonga glasi. "Hili bakuli Ba amempikia Jofrey. Wanangu mwenyewe hawagusi, ila huyu kijana wa Tanzania halali bila karela ya Ba!" Watu wakapiga makofi. Ba akanitazama kwa fahari, mimi nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Makofi hayajaisha, mbwa akapanda ngazi na kitu kinachong'aa mdomoni. Akakiweka sakafuni, akakinusa, akapiga chafya, akaondoka zake. (Hata mbwa.) Mzee Dale akachungulia chini ya ngazi, kwenye kivuli ambako theluji ilikuwa inamalizikia. "Meera, hebu njoo uone!" Tukasogea wote. Foili zilikuwa zimejitokeza moja juu ya nyingine, nyingine bado zimeganda kwenye barafu, zinametameta juani kama duka la sonara.

"Labda wale wanyama wa usiku wanaofukua mapipa," akasema msimamizi wangu.

Nami nikarukia. "Ndiyo, ni wao! Niliwasikia!" Uongo wa pili huo, na wa kwanza uko pale pale unayeyuka.

"Mnyama hakunji pembe hivi," akasema Mzee Dale, kwa nia njema kabisa, akaokota foili moja akamkabidhi Ba.

Ba akaipokea. Akaangalia ile mikunjo, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua barua ya msiba, karela iko vilevile, ya kijani, imehifadhiwa. Hakuniangalia. Akasema neno kwa Kigujarati na Dada Meera akageuka kwangu. "Anauliza, tangu lini?"

Mtu mwenye akili hapo anaomba radhi. Mimi nikakimbilia bakuli, nikashika kijiko nikaanza kubugia karela mbele ya watu wote ili kuthibitisha kwamba naipenda, nabugia huku natoa machozi, nikapaliwa, nikakohoa vipande hadi kwenye kitambaa cha meza, msimamizi wangu ananipiga mgongoni. Ba akaja akanitoa kijiko mkononi. Akasema maneno machache, na Dada Meera akasita kabla ya kutafsiri.

"Anasema, kwao mbwa asipotaka chakula hukiacha pale pale alipowekewa."

Siku kadhaa Ba hakuniwekea chakula. Nikikutana naye koridoni anapisha, kwa adabu, na ile adabu ndiyo ilinimaliza. (Rafiki yangu Mkenya anayeishi Bloomington nilipompigia alicheka hadi simu ikakatika, akapiga tena, "Buda, hiyo snow ulidhani ni shimo? Hiyo ni friza!") Mwishowe nikamwomba Dada Meera akae kati yetu, nikapiga magoti pale jikoni nikasema yote, kwamba ilikuwa chungu, na kwamba niliogopa kumvunja moyo.

Ba akashangaa. "Chungu? Karela huwekwa chumvi, ikakamuliwa ikatoka uchungu. Wewe ulisema unaupenda, nikaacha kukamua. Nilitafuta hata zile ndogo zilizo chungu zaidi."

Nikakosa pa kuweka uso. Mama wa watu alikuwa anazunguka madukani kwenye baridi ile kunitafutia uchungu.

Jioni ile akaipika inavyopikwa, akaikamua, akatia na sukari guru, akaniwekea kidogo. Nikaonja. Ilikuwa nafuu, ila bado karela. Akasimama vilevile anatazama mdomo wangu.

"Siipendi, Ba," nikasema.

Akaivuta sahani upande wake, akaketi, akaila yote mbele yangu, polepole, akalamba kidole. Ndugu zangu, mimi kusifia chakula ambacho sijakimeza nimeacha, hata kiwe cha mama mkwe. Kisha Ba akajifuta mikono, akaniuliza mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Beta, na bamia?"

Neno "tamu sana" lilishafika kwenye meno. Nikalimeza, nikafikiri kwanza.

"Bamia naila, Ba. Ila isiwe kila siku."