Nilivyopiga Gofu Nimefumba Macho

Nawaruhusu mnicheke, maana hata mimi nimeshajicheka. Mkuu wetu mpya wa shule hapa Dongobesh anapenda gofu. Nami, mwalimu wa jiografia, kwa kutaka sifa nikamwambia naicheza vizuri. Akafurahi, akasema Jumamosi ataleta fimbo zake uwanjani nimwonyeshe.

Wiki nzima nikajifunza kwa video za simu, nikizungusha mpini wa jembe kwenye shamba langu la maharage. Video ilisema usitumie nguvu. Fumba macho, usikilize mwili, uzito uhame taratibu kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kweli nikaanza kuona raha yake.

Jumamosi walimu na wafanyakazi wote walikuja. Nikasimama mbele ya mpira, nikafumba macho, nikazungusha fimbo. Mwili ulikwenda laini kama maji! Nikabaki vilevile, fimbo begani, kifua mbele, nikisubiri makofi.

“Mpira umeenda mbali sana, Mkuu?” nikauliza, macho bado nimeyafumba.

Aliyejibu ni mama mpishi wa shule, tena kwa upole kabisa: “Mazoezi mazuri, mwalimu. Sasa mpira wenyewe utaupiga saa ngapi?”