Sindano za Bibi na Njia ya Kiwangwa

Bibi yangu aliponiachia vyombo vyake vya kushonea, sikuvigusa mwezi mzima. Vilikuwa vichache tu: sindano tisa ndani ya kijaluba, kikopo kidogo cha shaba, mkasi, subana ya kuvaa kidoleni, msumari mwembamba wa kutobolea kitambaa na bonge la nta. Mama alinikabidhi akasema, "Ndivyo alivyotaka." Nikavisukuma mvunguni mwa kitanda.

Watu walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwapo, lakini kilichonizuia ni woga.

Bibi alikuwa mshona kofia pale Dunda, mtaa wa mji wetu wa pwani. Alishona kofia za viua, za bafta, kitambaa cheupe cha pamba. Alitoboa tundu dogo, akalizungushia uzi pole pole mpaka likakaza, kisha akaenda kwa jingine, na jingine, mpaka ua likatokea. Kofia moja ilimchukua miezi miwili. Kazi yangu ilikuwa kupitisha uzi kwenye nta ili usikatike. Nikiharibu, hakunigombeza, alifumua, akanirudishia.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja manowari za Wadachi zilipoupiga mji mizinga. Baba alikuwa safarini bara. Mama alikuwa amevuka kwenda Unguja kumuuguza dada yake. Tulikuwa mimi na Bibi tu. Ukuta wa jirani ulipoanguka, Bibi alijifunga kijaluba na vyombo vyake kiunoni, akanishika mkono, tukafuata watu waliokuwa wakikimbilia Kiwangwa, ambako ndugu zake walikuwa na mashamba ya muhogo.

Goti la Bibi lilikuwa bovu. Kufika adhuhuri wenzetu walikuwa wametuacha mbali, na sote wawili tulijua kwamba kwenye njia ile watu walikuwa wakikamatwa na kuuzwa. Bibi alinikaza mkono mpaka vidole vikaniuma.

Wanaume watatu wakatoka kichakani. Wawili walikuwa na bunduki, na katikati yao walimkokota wa tatu, kijana aliyepasuka paja.

"Umefunga nini hapo kiunoni?" mmoja aliuliza.

Bibi akafungua, akaonyesha. "Vyombo vya kushonea, baba. Mimi nashona kofia."

Yule mtu alitazama sindano, akamtazama mwenzake waliyemlaza chini. "Basi mshone huyu."

"Mwanangu, mtu si kitambaa."

"Akifa, mtoto huyu tunakwenda naye."

Bibi aliomba maji ya moto na chumvi. Walichemsha ndani ya sufuria ndogo ya shaba walichokuwa nacho. Akaosha jeraha, akachukua sindano. Alijaribu kutunga uzi mara tatu, akashindwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikauchukua, nikaupitisha kwenye nta, nikamtungia mimi.

"Bana hapa," aliniambia. "Usinitazame mimi, tazama unapobana."

Nikazibana kingo za nyama kwa vidole. Damu ilikuwa ya moto. Yule kijana aliuma kilemba chake na kunikodolea macho. Kila sindano ilipoingia, nilihisi mwili wake ukiruka mikononi mwangu.

Bibi alipomaliza, hawakutuachia. Walituweka chini tungoje. Jua likasogea, nami nikalitazama lile tumbo la kijana likipanda na kushuka, nikiogopa kupepesa macho lisije likasimama. Alasiri aliomba maji. Akanywa.

"Tumchukue mtoto vilevile," yule wa pili alisema. "Bibi huyu atafanya nini?"

Nikajikojolea. Bibi alinivuta nyuma ya mgongo wake.

Kijana akainua kichwa. "Waacheni waende," alisema. Akarudia kwa ukali, "Nimesema waende!"

Wale wawili wakatupisha, tukaondoka. "Usikimbie," Bibi alininong'oneza. "Tembea." Tulipopita kona ya njia, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kukimbia, na goti lake lile lile bovu.

Hatukuwaambia habari hiyo watu wa Kiwangwa, wala mama tuliporudi mjini. Bibi alishona tena, lakini akawa hakai ila ameelekea mlango, na mtu akipiga hodi sindano ilimponyoka. Kabla mwaka haujaisha, homa ikamchukua.

Ndiyo maana nilivisukuma vyombo mvunguni. Baada ya kazi ile Bibi aliisafisha sindano akairudisha pamoja na zingine, na sikuweza kujua ni ipi iliyomshona yule kijana.

Hatimaye mama aliniletea kipande cha bafta. Nikafungua kijaluba, nikafumba macho, nikachukua sindano yoyote iliyokuja. Tundu langu la kwanza lilikuwa limepinda. La pili likawa afadhali. Nilipofika la tatu nilianza kumsimulia mama yaliyotukuta njiani, bila kunyanyua uso kwenye kitambaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyanyuka, akafunga mlango kwa komeo, ingawa ulikuwa mchana mweupe, akarudi kuketi karibu yangu, ameelekea mlango kama alivyokaa Bibi.