Maji ya Mama Mkwe

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1953, nilimpoteza mama mkwe wangu. Alifia nyumbani kwake upande wa Busia, na siku hiyo mimi nilifika hadi mlangoni pake.

Mimi ni mtu wa Molo, ile ya huku mpakani. Yeye alikuwa Msamia. Lugha yake niliijua vizuri, maana mke wangu alinifundisha, na katika lugha hiyo sisi tulikuwa wakwe: siingii nyumbani mwake, simtazami usoni, sisemi naye mpaka awepo mtu wa kupokeza maneno. Mtu akikosekana, tulimsemesha kuku. "Kuku, mwambie mgeni uji uko tayari." Nami nilimjibu kuku kwamba nashukuru.

Sokoni mambo yalikuwa mengine. Yeye aliuza samaki wakavu, mimi karanga, na pale kila mtu alisema Kiswahili chetu cha mpakani. Macho hatukuinua, lakini midomo ilifunguka.

"Wewe ya karanga, naibia watu mchana hivi?"

"Mama, na samaki yako nalala hapa tangu Krismasi!"

Alicheka akashika mbavu. Ni kama Kiswahili hakikuwa na habari kwamba nimemwoa binti yake.

Alipougua, mke wangu alikwenda kumuuguza. Siku ile niliwapelekea unga wa wimbi. Mke wangu alikuwa ametoka kwenda kisimani, nikakaa uani kando ya ghala, kibuyu cha maji kikiwa karibu na miguu yangu. Mama mkwe alinisikia nikikohoa. Akaanza kwa Kisamia: "Kuku, mwambie mgeni nina kiu."

Nikamjibu kuku kwamba binti yuko njiani.

Kisha akaita, sauti imekauka:

"Wewe ya karanga! Leta maji. Nakufa, mimi."

Nilimwelewa. Aliniita kwa lugha ile ya sokoni, ambayo haikutuzuia. Nikachukua kibuyu, nikafika mlangoni, nikaona mguu wake juu ya mkeka. Hapo nikarudi nyuma. Hakuna aliyenikataza, uani hapakuwa na mtu. Nilikwenda kwa jirani kumtafuta mwanamke wa kuingiza maji.

Jirani alikuwa anapepeta wimbi. "Shemeji," akanitania, "siku hizi maji nayo yanataka mshenga?" Lakini alijifuta mikono, akaja upesi. Akaingia na kibuyu. Akakaa ndani kitambo. Akatoka nacho kimejaa vilevile, akanirudishia mikononi, akaketi chini.

Mke wangu alifika na mtungi kichwani. Kabla hajautua akaniuliza kama mama amekunywa maji.

Nikamwambia hajanywa.